Mji wa Accra: Baraza Lake, Soko Lake na Viwanja Vyake

Katika Mkutano Mkuu wa mwaka uliopita, makadirio ya fedha yalipokuwa yakisomwa, mzee wetu mmoja alisimama akauliza swali ambalo halikujibiwa siku ile, kwa kuwa jua lilikuwa limekwisha kuchwa na wengi walikuwa na safari ndefu. Aliuliza hivi: ikiwa chama hiki kiliundwa ili tuzikane, tusaidiane katika ugonjwa na kusomesha yatima, imekuwaje fedha za michango zinunue jezi za vijana, na tena zinunue seng'enge ya kuzungushia kiwanja cha mpira? Wazee walipiga makofi, vijana wakanung'unika, na Mwenyekiti akafunga mkutano kwa sala.

Kila mwaka kitabu hiki cha ripoti huwa na makala moja ya historia, na safari hii Halmashauri ilituagiza sisi wa ofisi ya karani tutafute habari itakayoligusa swali la mzee. Tumechagua mji wa Accra, ulio mji mkuu wa Ghana katika Afrika ya Magharibi. Ni mji wa mbali, lakini si mgeni kwetu, kama wasomaji watakavyoona. Huko mambo ya kodi, ya soko, ya vita na ya mchezo yamesokotwa pamoja kama nyuzi za kamba, hata ukivuta uzi mmoja kamba nzima hutikisika.

Wenyeji wa Accra ni Waga, watu wa uvuvi na biashara. Miji yao imejipanga ufukoni mwa bahari kutoka magharibi kwenda mashariki: Ga Mashie, ambayo ndiyo Accra ya kale, kisha Osu, La, Teshie, Nungua na Tema. Wazungu walipofika kutafuta dhahabu, na baadaye watumwa, walijenga ngome tatu katika mwendo ambao mtu aweza kuutembea kwa miguu kabla jua halijawa kali. Waholanzi walijenga yao mwaka 1649, Wadenmark wakajenga Christiansborg pale Osu mwaka 1661, na Waingereza wakajenga James Fort mwaka 1673. Kwa hiyo watu wa kabila moja, walaji wa samaki wa bahari moja, walikaa miaka mia mbili wakiwa chini ya bendera tatu. Wadenmark waliuza ngome zao kwa Waingereza mwaka 1850, na Waholanzi wakaondoka Accra mwaka 1868. Mwaka 1877 Waingereza walihamisha makao ya Serikali ya Gold Coast kutoka Cape Coast wakayaleta Accra.

Ndani ya Ga Mashie mna mitaa saba ya asili, na kila mtaa una wazee wake, na ulikuwa na kikosi chake cha vijana kiitwacho asafo. Zamani kikosi hicho kilikuwa cha vita, chenye bendera na ngoma zake. Vita vilipokwisha, asafo haikuvunjwa. Iliitwa kwa kazi za umma na kwa maziko. Wageni nao walipokewa wakapewa mahali. Mwaka 1836 walifika watu weusi waliokuwa wametumikishwa Brazil wakapata uhuru wao wakarudi Afrika. Waga waliwapa ardhi, nao wakajulikana kwa kuchimba visima na kwa ushonaji wa nguo. Wahausa na Waislamu wengine kutoka kaskazini walikaa katika mitaa iitwayo zongo. Tangu mwanzo, basi, Accra ulikuwa mji wa vikundi, na mtu asiye na kikundi hakuwa na wa kumzika.

Habari ya kodi yafaa tuieleze kwa urefu kidogo, maana ndiyo inayotuhusu sisi tunaokusanya michango. Mwaka 1852 wakuu wa pwani walikutana na Waingereza wakakubali kwamba kila mtu, mwanamume, mwanamke na mtoto, atozwe shilingi moja kwa mwaka. Waliahidiwa shule, barabara na mahakama. Haukupita muda mrefu, watu wa Osu, La na Teshie waliona kwamba shilingi zinakwenda na barabara haziji, wakakataa kulipa. Mwaka 1854 manowari ya Kiingereza ilipiga mizinga kutoka baharini. Nyumba zilibomoka, lakini kodi yenyewe nayo haikupona; baada ya miaka michache iliachwa.

Sheria ya mabaraza ya miji ilitoka mwaka 1894, na Baraza la Mji wa Accra likaanza kazi mwaka 1898. Nusu ya wajumbe waliteuliwa na Serikali, nusu walichaguliwa na walipa kodi, na mwenyekiti alikuwa afisa wa Serikali. Hesabu ya kura hapo haihitaji mwalimu. Baraza lilitoza kodi ya nyumba, na watu wa Ga Mashie walistaajabu. Nyumba ilijengwa na babu, juu ya ardhi ya ukoo, nayo ndani yake huzikwa wazee. Iweje leo mwenye nyumba alipe kwa mtu ambaye hakubeba hata ndoo moja ya udongo? Mwaka 1924 Gavana Guggisberg alileta sheria nyingine ya kuwapa wenyeji wa miji wajumbe wengi zaidi wa kuchaguliwa, na pamoja nayo kodi. Upinzani ulikuwa mkali, hata sheria hiyo ikabidi iondolewe.

Wako walioandika kwamba watu wa Accra walikuwa wakaidi tu, wasiotaka kutoa chochote. Sisi hatukubaliani nao. Watu hao hao walitoa fedha katika kila msiba, na wauzaji wa sokoni walimpa mkusanyaji wa akiba, katika mpango uitwao susu unaofanana na upatu wetu, fedha kidogo kila siku bila kusukumwa na askari. Tofauti ni kwamba mkusanyaji wa susu wamjua, wajua kwake, na mwisho wa mwezi fedha yako wairudishiwa mkononi. Sisi tuandikao stakabadhi twajua kwamba mwanachama hachoki kutoa. Huchoka kutoa asipoona.

Si kwamba Serikali haikufanya lolote. Mwaka 1908 tauni iliingia Accra. Mganga aitwaye Profesa Simpson aliletwa kutoka Uingereza, nyumba zenye msongamano zikabomolewa, na mtaa mpya wa Korle Gonno ukapimwa ng'ambo ya wangwa kwa ajili ya waliohamishwa. Guggisberg mwenyewe, pamoja na kushindwa katika jambo la kodi, aliacha kazi ambazo hata wapinzani wake walizisifu. Mwaka 1923 hospitali ya Korle Bu ilifunguliwa na reli ya kwenda Kumasi ikakamilika, na mwaka 1927 chuo cha Achimota kikafunguliwa rasmi. Katika Achimota alikuwako Dr. James Aggrey, yule ambaye mwaka 1924 alifika hapa Kenya pamoja na tume ya Phelps-Stokes iliyochunguza elimu ya Waafrika. Nembo ya Achimota ni vibao vyeusi na vyeupe vya kinanda, kwa kumbukumbu ya mafundisho ya Aggrey kwamba wimbo mzuri huhitaji vibao vya rangi zote mbili. Mwaka 1924 pia soko kubwa la Makola lilijengwa, na wanawake wake wakawa nguvu ambayo hakuna serikali iliyothubutu kuipuuza.

Sasa tuje kwenye mchezo. Mwaka 1911 vijana wa Accra waliunda kilabu cha mpira wakakiita Hearts of Oak. Kilabu hicho kingali hai, nacho ndicho kikongwe kuliko vyote vilivyosalia Ghana. Ligi ya mpira ya Accra iliundwa mwaka 1922 katika utawala wa Guggisberg, na Hearts of Oak wakaitwaa. Angalieni miaka hiyo: Gavana aliyeshindwa kuwashawishi watu kulipa kodi ya mji hakupata taabu kuwaleta uwanjani. Wafuasi wa Hearts walijipanga katika matawi, kila tawi na viongozi wake, kwa namna ambayo mtu anayejua asafo haoni jambo geni ndani yake. Baadaye, mwaka 1935, Kumasi kikaundwa kilabu cha Asante Kotoko, na mashindano ya vilabu hivi viwili yakawa si ya mpira peke yake, bali ya pwani na bara.

Lakini mchezo uliotoka katika udongo wenyewe wa Ga Mashie ni ngumi. Katikati ya mji wa kale pana kiwanja kidogo kiitwacho Bukom. Tangu zamani vijana wa mtaa mmoja walipigana na vijana wa mtaa mwingine kwa mikono mitupu, kundi kwa kundi, mchezo ulioitwa asafo atwele. Waingereza walipoleta glavu na sheria za ulingo, walikuta watu wamekwisha kujifunza. Roy Ankrah wa Accra alikwenda Uingereza na mwaka 1951 akamshinda Ronnie Clayton na kutwaa ubingwa wa Dola ya Kiingereza wa uzito wa unyoya. Mwaka 1960 huko Roma, Clement Quartey alipata nishani ya fedha ya Olimpiki katika ngumi, miaka minne kabla ya Wilson Kiprugut wetu kupata ya shaba kwa mbio huko Tokyo. Tarehe 9 Mei 1964 Floyd Robertson alipigana na Sugar Ramos uwanjani Accra kugombea ubingwa wa dunia. Majaji hawakukubaliana, ushindi ukapewa Ramos, na uamuzi huo ukabishaniwa sana.

Aliyeuleta ubingwa wa dunia nyumbani ni David Kotei, aitwaye D. K. Poison, aliyemshinda Ruben Olivares huko California mwezi wa Septemba 1975. Habari yake moja inafaa isomwe na kila mtunza hazina. Mwaka 1976 Ghana ilikuwa na upungufu wa chakula na wa fedha za kigeni, na Serikali ya Jenerali Acheampong ikamwomba bondia huyo mkopo. Alitoa dola 45,000 alizozipata kwa ngumi zake, ili zinunuliwe samaki wa mikebe wa kulisha watu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule alipoteza ubingwa wake mbele ya watu wake Accra, alipopigwa na Danny Lopez. Mkopo haukurudishwa. Serikali ziliingia na kutoka, naye akaendelea kudai, mpaka alipolipwa baada ya zaidi ya miaka 40. Tumewahi kuona madeni ya muda mrefu katika daftari zetu, lakini bado hatujaona mwanachama anayeidai serikali bei ya samaki.

Baada yake alikuja Azumah Nelson, aliyetwaa ubingwa wa dunia mwaka 1984 kwa kumshinda Wilfredo Gomez katika kisiwa cha Puerto Rico. Yeye alilelewa Mamprobi, mmoja wa mitaa iliyojengewa watu walioachwa bila makao na tetemeko la ardhi la tarehe 22 Juni 1939.

Turudi nyuma kidogo, tutazame kiwanja kingine. Karibu na bahari, kati ya Ga Mashie na Osu, Wazungu walikuwa na uwanja wa kuchezea polo, yaani mpira unaochezwa juu ya farasi. Ni kiwanja cha starehe, na ni watu wachache waliokitumia. Historia ya Ghana, hata hivyo, ilipita papo hapo mara mbili.

Askari wa Gold Coast walipigana katika Vita vya Pili vya Dunia kama walivyopigana baba zetu. Mwaka 1940 brigedi yao ililetwa Kenya, ikashiriki katika vita dhidi ya Waitaliano huko Somalia na Uhabeshi, na baadaye wenzao walikutana na askari wa KAR katika misitu ya Burma. Waliporudi kwao walikuta bei za vitu zimepanda, kazi hakuna, na ahadi walizopewa zimebaki katika karatasi. Mwezi wa Januari 1948 Nii Kwabena Bonne, mkuu wa Osu Alata, aliongoza watu kususia bidhaa za maduka ya Wazungu mpaka bei zishuke. Makampuni yalikubali kupunguza faida, na tarehe 28 Februari watu walikwenda madukani. Bei walizozikuta sizo walizozitegemea. Siku hiyo hiyo askari wa zamani walikusanyika katika uwanja wa polo, wakapanga safu, wakaanza kuandamana kwenda ngome ya Christiansborg kumpa Gavana hati ya maombi. Hawakuwa na silaha. Njia panda iliyo karibu na ngome walizuiwa na polisi, afisa Mwingereza akafyatua risasi, na watu watatu wakafa: Sajini Adjetey, Koplo Attipoe na Private Odartey Lamptey. Habari zilipofika mjini maduka yalichomwa na kuporwa, na fujo zikaenea katika miji mingine. Waliokufa katika siku hizo walihesabiwa kuwa 29.

Tume iliyoletwa kuchunguza iliona kwamba mambo hayawezi kubaki yalivyokuwa, na tangu hapo mwendo wa Gold Coast kuelekea uhuru haukurudi nyuma. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Machi 1957, Kwame Nkrumah alisimama katika uwanja ule ule wa polo akatangaza kwamba nchi yao imekuwa huru. Leo pahali pale ndipo alipozikwa, nayo ni bustani ya kumbukumbu yake.

Mwaka ule wa uhuru Hearts of Oak walimleta Stanley Matthews, mchezaji mashuhuri wa Uingereza, akacheza pamoja nao, na watu wakamvika heshima kama ya mkuu. Mwaka uliofuata, mwezi wa Desemba 1958, wajumbe wa vyama vya Waafrika kutoka kila upande wa bara walikutana Accra. Aliyechaguliwa kuketi katika kiti cha mwenyekiti alikuwa kijana wetu Tom Mboya, mwenye umri wa miaka 28. Mbele yake waliketi watu kama Patrice Lumumba wa Congo na Dr. Hastings Banda wa Nyasaland. Kwa watu wa chama kama hiki, ambao wamekwisha kuona jinsi ilivyo kazi kuongoza mkutano wa watu hamsini, haihitajiwi kueleza ukubwa wa jambo hilo.

Nkrumah alijua maana ya mpira kuliko watawala wengi. Timu ya taifa iliitwa Black Stars, Nyota Nyeusi, kwa kukumbuka meli za Marcus Garvey, naye Ohene Djan akapewa kazi ya kuusimamia mchezo nchini. Mwaka 1962 Real Madrid walikuja Accra wakatoka sare ya 3 kwa 3. Mwezi wa Desemba 1963 Ghana ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika katika uwanja wa Accra, ikiifunga Sudan 3 kwa 0, chini ya mwalimu C. K. Gyamfi. Tungependa kuipita haraka siku ya Jamhuri ya mwaka 1965, ambapo Nyota Nyeusi walikuja Nairobi wakatufunga mabao 13. Wazee waliokuwako hawapendi kuulizwa. Waganda nao walipata zamu yao Accra mwezi wa Machi 1978, walipofika mwisho wa Kombe la Afrika wakafungwa 2 kwa 0, mabao yote mawili yakiwa ya Opoku Afriyie.

Baada ya hapo zilikuja siku mbaya. Mwezi wa Agosti 1979 askari waliokuwa wametwaa serikali walilibomoa soko la Makola, wakisema wanawake wake ndio waliopandisha bei. Soko la miaka 55 likawa kifusi. Bei hazikushuka kwa sababu hiyo, maana aliyeuza hakuwa ndiye aliyeharibu fedha ya nchi.

Tumefika sasa kwenye jambo lililotufanya tuchague mji huu. Mwezi wa Desemba mwaka 2000 Hearts of Oak waliwafunga Esperance wa Tunis 3 kwa 1 Accra na kuwa mabingwa wa vilabu vya Afrika. Furaha ilikuwa kubwa, ingawa siku ile pia palitokea fujo na polisi wakatumia moshi wa kutoa machozi ndani ya uwanja. Mwaka ulioingia ulikuwa wa misiba kwa mpira wa Afrika. Tarehe 11 Aprili 2001 watu 43 walikufa katika msongamano huko Johannesburg. Kabla mwezi haujaisha, watu wengine walikufa Lubumbashi, mji wa Congo unaosema Kiswahili, polisi walipotupa moshi huo katika umati.

Jumatano tarehe 9 Mei 2001, Hearts na Kotoko walikutana katika uwanja wa Accra, ulio upande wa Osu karibu na bahari. Kotoko walikuwa mbele kwa bao moja. Mchezo ulipokaribia kwisha, Hearts walifunga mawili. Baadhi ya wafuasi wa Kotoko waling'oa viti wakavitupa uwanjani. Polisi walijibu kwa kufyatua moshi wa kutoa machozi kuelekea jukwaani, kwa waliotupa na wasiotupa pia. Maelfu ya watu waliinuka kwa mara moja, macho yakiwaka, wakakimbilia ngazi. Chini ya ngazi baadhi ya malango yalikuwa yamefungwa kwa kufuli.

Walikufa watu 127. Wengi wao hawakuuawa na moshi, bali na uzito wa wenzao, kifua juu ya kifua, mpaka pumzi ikakosa pa kupita. Wengi walikuwa vijana, na baadhi walitoka mitaa ya Waislamu kama Nima, ambako kulizikwa watu kwa wingi usioweza kupangiwa zamu. Kijana mmoja aliyedhaniwa amekufa alizinduka akiwa amelazwa katika chumba cha maiti.

Tume iliyoongozwa na wakili Sam Okudzeto iliwalaumu polisi kwa kutumia nguvu pasipo kiasi, na kusema kwamba baadhi yao walitoa ushahidi wa uongo. Ililaumu pia malango yaliyofungwa na upungufu wa huduma za waganga uwanjani. Maafisa sita wa polisi walishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama ikawaachilia. Nje ya uwanja pamesimamishwa sanamu ya shaba: mtu mmoja amembeba mwenziwe. Kila mwaka ifikapo tarehe 9 Mei watu hukusanyika kuwakumbuka waliokufa.

Tumesoma habari hizi mara nyingi jioni, baada ya kazi, na kila mara macho yetu yamerudi kwenye lile neno kufuli. Katika mwaka 1854, na 1898, na 1948, walioutawala mji ule waliuogopa umati, wakaona kazi yao ni kuuzuia. Mwaka 2001 Ghana ilikuwa huru kwa miaka 44, polisi walikuwa watoto wa nchi, na malango bado yalifungwa. Hakuna aliyekusudia kuua. Mtu mwenye ufunguo alifunga, pengine kwa sababu aliagizwa asipite mtu bila tikiti, akaenda zake.

Hapa yatupasa kukiri jambo letu wenyewe. Mchoro wa uzio wa kiwanja cha chama, ule uliowekwa mezani katika Mkutano Mkuu, uliandikwa kwa mkono wetu. Una lango moja tu, lenye upana wa mtu mmoja, mahali pa meza ya mkusanya viingilio. Tulifanya hivyo ili hesabu ya viingilio iwe safi, na hakuna mwanachama aliyeuliza, wala sisi hatukujiuliza, watu watatoka wapi siku ambayo wote watataka kutoka kwa mara moja. Mwaka jana, katika siku ya michezo ya watoto, walikuwako watu zaidi ya 600 katika kiwanja hicho, nacho kilikuwa bado hakina uzio.

Tumeiandikia Halmashauri barua kuomba kwamba mchoro huo uondolewe na kuwekwa mwingine wenye malango matatu mapana yafungukayo kwa nje, moja upande wa barabara, moja upande wa shule na moja upande wa mto, na kwamba yasifungwe kwa kufuli wakati wo wote watu wawapo ndani. Fundi amekwisha kutoa bei yake. Gharama imezidi ile iliyosomwa mwaka jana, na wanachama wataiona katika makadirio, chini ya fungu la kiwanja. Mzee wetu aliyeuliza swali atakuta kwamba fungu hilo limekua badala ya kupungua, naye ana haki ya kusimama tena. Safari hii tumeomba makadirio yasomwe asubuhi.